Tone jekundu, tone la kijani: kisa cha hodhi la bafuni Naguru

Kwa miezi mitatu Afande wa namba 6 alipishana ngazini na mama wa namba 10 bila kumsalimu. Kwa mtu aliyezeeka katika kambi za polisi, ambako hata unayemchukia unampa salamu yake kwanza, hilo lilikuwa jambo zito. Sababu ilikuwa doa. Lilianza dari ya bafu lake likiwa dogo kama kisahani, lenye rangi ya chai ya rangi, likapanuka kama sinia, na mwishowe likaanza kudondosha maji kwenye taulo zake.

Jengo letu lina nyumba 16, nne kila ghorofa, na lipo Naguru, Kampala, Uganda. Kila nyumba ina hati yake ya kondominiamu, yaani kila mtu anamiliki nyumba yake ndani ya jengo la pamoja. Wengi wetu ni Waswahili wa namna mbalimbali: askari wastaafu wenye Kiswahili cha kambini, Wakongo wa Bunia na Beni, Mtanzania mmoja wa Mwanza, nami niliyetokea Tanga na kuolewa huku. Mikutano ya wamiliki tunaifanya kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo hakuna anayehisi ni ya jirani. Mimi ndiye katibu, kazi niliyopewa kwa kosa la kuja na kalamu kwenye mkutano wa kwanza.

Namba 10 iko juu ya namba 6 moja kwa moja. Mwenyewe anaishi Nairobi, tunampata kwa WhatsApp tu. Mpangaji wake ni mama anayeuza vitenge Kikuubo, mtaa wa maduka katikati ya Kampala, mwenye watoto wanne na hodhi la kuogea analolipenda kuliko vyombo vyote vya nyumba ile. Jumapili jioni hulijaza, watoto wakaoga wawili wawili, kisha naye akajilaza humo kupumzisha miguu baada ya juma zima la kusimama dukani. Ni hodhi la faiba, limezungushiwa ukuta mfupi wa matofali na vigae upande wa mbele. Watu wa chini yake walijua ratiba hiyo kabla yangu, maana Jumatatu asubuhi ndiyo Afande alikuwa akipiga simu.

"Hii maji iko natoka kwa huyu mama. Mimi najua. Alipe," ndivyo alivyosema.

Mama naye, ambaye koki huiita robine: "Papa, mayi haitokake kwangu. Nafungaka robine yote mbele ya kulala."

Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hapo ndipo kisa hiki kinapoanza kuwa na utamu.

Fundi wa kwanza aliletwa na mama kwa pesa yake. Alitazama ukingo wa hodhi ulipokutana na vigae, akaona silikoni imebanduka, akaikwangua, akapaka mpya, akachukua shilingi 80,000 na kuondoka. Doa lilikauka wiki moja. Jumatatu ya pili lilirudi. Wengi wangesema alikuwa mwizi. Sidhani. Alitibu alichokiona, ila alipaka silikoni hodhi likiwa tupu, na hilo ni kosa ambalo mafundi wengi hulirudia. Hodhi la ukubwa ule likijaa hubeba lita 150 au zaidi, yaani kilo 150, kabla hujaongeza mtu. Hodhi la faiba lisilotandikiwa zege au mchanga wa saruji chini yake hushuka kidogo linapobeba uzito huo. Silikoni iliyopakwa likiwa tupu huvutwa, ikaachia upande mmoja. Fundi anayeijua kazi hulijaza maji kwanza, hupaka, huiacha ikauke, ndipo akafungulia maji yatoke.

Fundi wa pili aliletwa na Afande. Huyu alisimama chini ya doa, akatazama juu, akatangaza kwamba bomba la maji safi limepasuka ndani ya sakafu ya zege na kwamba bafu lote la mama livunjwe. Hakupanda juu hata ngazi moja. Afande akaniandikia barua yenye nakala kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa.

Nikaomba tufanye jambo moja kabla ya nyundo: tusome mita. Mita za jengo zimepangwa nje karibu na geti, kila nyumba na yake. Shirika la maji la taifa kazi yake huishia kwenye mita. Kuanzia hapo hadi kwenye koki ya mwisho ni shauri la mwenye nyumba au wenye jengo. Tulifunga koki zote za namba 10, tukakaa na Afande kwenye viti vya plastiki mbele ya mita kwa dakika arobaini, tukinywa chai na kutazama kigurudumu chekundu. Hakikusogea hata unywele. Bomba la maji safi hukaa na mgandamizo usiku na mchana, kwa hiyo likitoboka huvuja usiku na mchana, na mita hulisema. Maji ya Afande yalikuwa yakija kwa vipindi. Yalikuwa ni maji yaliyokwisha kutumika, na maji yaliyotumika hayapiti tena kwenye mita yoyote.

Basi tukajua ni upande wa maji machafu. Lakini upande huo una mambo matatu tofauti: hodhi lenyewe, bomba dogo linalotoka kwenye hodhi, na bomba kuu la wima linaloshusha maji ya nyumba nne, namba 2, 6, 10 na 14, hadi chini. Nani alipe inategemea ni lipi kati ya hayo matatu. Na hapo ndipo watu wetu huanza kugombana kabla ya kujua wanagombania nini.

Niseme sheria, kwa ufupi niwezavyo. Uganda ina Sheria ya Mali ya Kondominiamu ya mwaka 2001. Ramani ya kondominiamu ikishasajiliwa, wenye nyumba wote huwa wanachama wa shirika moja, watake wasitake, na shirika hilo ndilo linalosimamia na kutunza mali ya pamoja. Mali ya pamoja, kwa tafsiri ya sheria hiyo, ni kila kilichomo kwenye kiwanja na jengo ambacho hakimo ndani ya uniti, yaani nyumba, ya mtu. Michango hutozwa kila mmoja kwa kigawo chake, yaani sehemu yake ya umiliki. Sheria pia inatambua kwamba maji, maji taka na umeme wa jirani lazima vipite kwenye mabomba na nyaya zilizo ndani ya nyumba yako, nawe huna ruhusa ya kuvizuia. Haitaji hodhi, wala trapu, ile kona ya bomba yenye maji inayozuia harufu, wala gasketi, ule mpira wa kuziba maungio. Mambo hayo imeachia ramani na kanuni za kila jengo.

Kanuni zetu, ambazo nadhani nilikuwa wa kwanza kuzisoma tangu zichapishwe, zinasema mwenye uniti atatunza uniti yake, na shirika litatunza mabomba yanayoweza kutumika kwa zaidi ya uniti moja. Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyotuokoa.

Nieleze kwa nini. Majengo mengi ya Kampala hutengenezwa hivi: hodhi liko juu ya sakafu ya zege ya namba 10, lakini trapu yake inaning'inia chini ya zege hilo, ndani ya uwazi ulio kati ya zege na dari ya namba 6. Afande akifungua dari yake, anaona trapu ya mama ikining'inia kichwani pake kama popo. Sasa ni ya nani? Kwa mahali ilipo, iko upande wa Afande. Kwa kazi yake, inamhudumia mama peke yake. Nimesikia majengo ambako watu wameambiwa, "Kiko kwenye dari yako, tengeneza mwenyewe." Ukifuata mahali, mtu wa chini anatengeneza choo cha mtu wa juu, na mtu wa juu hana sababu yoyote ya kuwa mwangalifu. Ukifuata kazi, kila mmoja anabeba anachotumia. Kanuni zetu zinafuata kazi. Nawashauri wenye majengo ambayo kanuni zao zimenyamaza waitishe mkutano waziandike wakati dari zote bado ni kavu, maana kanuni ya bomba ikiandikwa baada ya doa haina atakayeiita ya haki.

Afande alikataa dari yake isifunguliwe. "Wafungue kwake kwanza," alisema, na akashikilia hivyo wiki tatu. Nilimwelewa, bodi za jipsamu za bafu lile alizifunga mwaka uliopita kwa pesa ya kustaafu. Lakini katika wiki tatu hizo doa lilitoka bafuni likaingia ukutani mwa chumba cha kulala. Nitarudi kwenye wiki hizo tatu, maana zilimgharimu.

Jumamosi moja aliafiki. Tulimpata fundi wa tatu, kijana mpole wa Kireka aliyekuja na tochi, bisibisi na chupa mbili za rangi ya keki, nyekundu na kijani. Nilimpenda hapohapo. Alikata tundu la dari la ukubwa wa kitabu, akamweka mtoto wa Afande kwenye ngazi na tochi, kisha akapanda juu.

Kwanza aliziba tundu la kutolea maji, akajaza hodhi hadi nusu, akatia rangi nyekundu. Tukangoja saa nzima. Hakuna tone. Maana yake hodhi halikupasuka. Akaongeza maji mpaka yakafika kwenye lile tundu la juu la kufurikia, lile linalozuia maji yasimwagike sakafuni. Hazikupita dakika tano, mtoto akapiga kelele kutoka chini: "Nyekundu!" Gasketi iliyo nyuma ya tundu hilo ilikuwa imekauka na kupinda. Mtu anayeoga kwa ndoo hawezi kuigundua hata akiishi miaka kumi. Watoto wawili wakiingia hodhini pamoja, maji hupanda, hupita nyuma ya gasketi, hushuka kwenye ukuta wa nje wa hodhi, hutafuta penye bomba kupenya zege, na kumfikia Afande. Ndiyo maana silikoni ilionekana kusaidia wiki ile: watoto walikuwa wamekwenda kwa shangazi yao Arua.

Afande akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Alikuwa ameshakunja mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

Yule kijana akasema, "Afande, ngoja kidogo. Ukuta wa chumba cha kulala hauko njiani mwa haya maji." Akafunga namba 10 yote, akakausha kila kitu kwa kitambaa, akapanda namba 14 na chupa ya kijani. Akamwaga ndoo mbili kwenye bafu la huko. Tukangoja. Mtoto kwenye ngazi akasema kwa sauti ndogo, kama anayeona aibu kwa niaba ya watu wazima, "Baba, kuna ya kijani pia."

Bomba kuu la wima lilikuwa likivuja kwenye kiungo. Vibano vilivyotakiwa kulishikilia ukutani havikuwapo zaidi ya kimoja, kwa hiyo uzito wa bomba lote la juu ulikuwa umening'inia kwenye kiungo hicho. Ringi yake ya mpira ilikuwa imechomoka upande mmoja. PVC hurefuka likipitisha maji ya moto na kufupika yakipoa. Bomba lisiloshikwa vizuri hucheza kila siku kidogokidogo hadi kiungo kikaachia. Maji yale ya kijani hayakuwa ya namba 10, wala ya namba 14. Bomba lile linatumika na nyumba nne. Kwa kanuni zetu ni la shirika, na shirika ni sisi sote 16.

Sasa hesabu, na hapa ndipo urafiki hupimwa.

Kiungo, vibano vitano na kazi ya bomba kuu: shilingi 420,000. Hii ililipwa na shirika bila ubishi wa kisheria, ingawa ubishi wa mdomo haukukosekana. Mzee wa namba 3, ambaye bafu lake liko upande mwingine kabisa wa jengo, aliuliza achangie bomba ambalo maji yake hayajapata kupita kwa sababu gani. Nikamwuliza kama wa ghorofa ya chini asichangie paa. Akacheka, akalipa. Nyumba zetu zina vigawo sawa, kwa hiyo ilikuwa shilingi 26,250 kwa kila mmoja. Miezi mitatu ya kununiana, kwa elfu ishirini na sita.

Gasketi mpya, mfumo mzima wa kutolea maji wa hodhi, kuvunja ukuta mfupi wa mbele na kutandika saruji chini ya hodhi: 545,000. Hizo ni za mwenye namba 10. Alilalamika kutoka Nairobi kwamba mpangaji ndiye aliyejaza hodhi kupita kiasi. Nilimjibu kwamba tundu la kufurikia limewekwa hapo kwa sababu watu hujaza hodhi, na gasketi iliyokauka kwa umri haikuharibiwa na mpangaji. Chini ya Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022, ni mwenye nyumba anayetakiwa kuiweka nyumba katika hali ya kukalika. Mpangaji anawajibika kwa alichovunja yeye, na kutoa taarifa mapema. Mama alitoa taarifa. Ujumbe wake wa WhatsApp ulikuwapo na tarehe yake. Mwenye nyumba aliusoma na kujibu kwa kidole gumba. Alirudisha pia zile 80,000 za silikoni, kwa kuzikata kwenye kodi. Nilimsihi tu mwenye nyumba safari hii aache mlango mdogo wa kukaguzia kwenye vigae vya mbele. Mlango huo ungekuwapo, tungeona gasketi kwa bisibisi moja.

Iliyobaki ni dari ya Afande, 650,000 pamoja na rangi ya chumba cha kulala. Hapa sheria ya mabomba haitoshi, kwa sababu kutengeneza kilichovuja ni jambo moja na kufidia kilicholowa ni lingine. Kumiliki bomba hakumfanyi mtu awe mdeni wa kila tone. Kuna kesi ya zamani ambayo mawakili hupenda kuitaja, Rickards v Lothian ya mwaka 1913, iliyotoka Australia na kuamuliwa London na Baraza la Faragha, mahakama ya juu ya rufaa ya himaya ya Uingereza: mtu asiyejulikana aliziba sinki la ghorofa ya juu na kuacha koki wazi, maji yakaharibu bidhaa za mpangaji wa ghorofa ya chini, na aliyeshikilia jengo akaonekana hawajibiki. Maji ya kawaida ya nyumbani ni matumizi ya kawaida. Anayedai fidia aonyeshe uzembe: ulijua au ulipaswa kujua, na hukufanya kitu.

Basi nani alijua? Mwenye namba 10 alijua tangu ujumbe wa kwanza. Na sisi wa shirika? Nilirudi kwenye daftari la kumbukumbu za mikutano nikitarajia kukuta ukurasa mtupu. Nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, miaka miwili nyuma: "Bomba kuu upande wa mashariki linatoa jasho. Kamati itafuatilia." Hakuna aliyefuatilia. Niliandika "jasho" kwa sababu neno hilo halikumtisha mtu. Ningeweza kulifunga daftari nikanyamaza, na nilifikiri kufanya hivyo kwa muda kama wa kikombe kimoja cha chai. Nililisoma mbele ya kamati.

Pendekezo letu lilikuwa hivi: shirika 325,000, mwenye namba 10 200,000, na Afande mwenyewe 125,000 kwa ajili ya zile wiki tatu. Mwenye hasara ana wajibu wa kuizuia isikue, na ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa mkavu siku tulipoomba kufungua dari kwa mara ya kwanza. Picha ninayo. Bima ya jengo tuliigusa kwa adabu tu, maana bima nyingi hulipa bomba lililopasuka ghafla, si lililovuja taratibu kwa miezi, na yetu ilikuwa hivyo.

Afande alikataa. Alisema askari halipi faini ya risasi aliyopigwa. Nilimweleza njia iliyo wazi kwake: utaratibu wa madai madogo katika mahakama za hakimu, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011, unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni kumi, na hakuna wakili anayesimama kwa upande wowote. Nilimpa nakala ya daftari lenye neno langu "jasho" aende nayo. Wajumbe wawili wa kamati walinikasirikia kwa hilo, na bado mmoja hajaniachia.

Hakwenda. Alikaa na nakala ile siku nne, kisha akaja mlangoni kwangu na 125,000 ndani ya bahasha ya kaki, akasema hatoi kwa sababu ya wiki tatu bali kwa sababu ya mtoto wa juu aliyemletea sambusa. Nikamwandikia risiti. Kwenye sehemu ya maelezo aliniomba niandike "mchango", nisiandike "deni". Nikaandika mchango.

Wiki iliyopita mwenye namba 10 ameandika kutoka Nairobi kwamba anataka kung'oa hodhi na kuweka bafu la kusimama. Mama hataki kusikia. Kamati imemjibu kwamba anaweza kubadilisha chombo chake, lakini akigusa tabaka la kuzuia maji lililo juu ya zege, lazima alete mchoro kwanza na kazi ijaribiwe kwa kufurisha maji kwa siku nzima kabla vigae havijawekwa. Afande ameomba siku hiyo apewe taarifa. Ameshanunua tochi yake.